Mshale Ulikuwa Katikati

Fundi waliyemwita Digrii hakuwahi kukanyaga chuo chochote, na jina hilo alipewa kwa kejeli. Kuna watu wamesoma mpaka macho yameingia ndani na hakuna anayewaita hivyo. Yeye aliyeishia darasa la saba ndiye aliyetunukiwa na wauza spea wa mtaa ule. Chanzo kilikuwa kipimajoto chake. Gari lolote likiingia gerejini kwake, hata kama limekuja kuzibwa pancha, yeye lazima achomoe kijiti cha kupimia oili, aingize kwenye tundu lake waya mrefu wenye ncha ya chuma, asubiri, asome namba, aiandike ukutani kwa chaki. Tisini na nne. Mia na mbili. Themanini na moja. Ukuta mzima ulikuwa umejaa namba, na hakuna aliyeruhusiwa kuufuta.

Wateja walimcheka. "Fundi, mimi nimekuja kwa ajili ya breki, wewe unalipima gari langu homa?" Naye angejibu bila kuinua kichwa, "Kaa hapo kwenye benchi, mzee wangu. Dakika mbili tu." Ukimkuta siku ana nafasi, angekupa somo zima bila kuombwa. Maji ya rejeta na oili ya injini, angekwambia, havitembei pamoja. Maji hupata moto upesi. Oili ni nzito kuamka, lakini ikishaamka huyapita maji. Gari la kawaida la kwenda kazini na kurudi, oili yake icheze kati ya digrii tisini na mia na kumi, hapo lala usingizi wako. Ikibaki chini ya themanini kila siku, unyevu hautoki, oili inachafuka mapema. Ikifika mia na ishirini mlimani, na mzigo mgongoni, vumilia kidogo halafu ipumzishe. Ikipita mia na thelathini inakuwa nyepesi mno, haiwezi tena kukaa kati ya chuma na chuma, na chuma kikishagusana na chuma hakuna dua itakayosaidia.

"Sasa je, kila gari lifungwe kipoza oili?" angejiuliza mwenyewe. "Hapana. Hili lako la kupeleka watoto shule halikihitaji, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini gari la mizigo, gari la kuvuta tela, gari la kupanda milima jua likiwaka, hilo ukilinyima kipoza umeliua." Na akifika kwenye neno hilo la mwisho angechukua kitambaa, aanze kufuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Watu walidhani ni madoido ya ufundi.

Madoido gani! Mtu yule alikuwa anateswa.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mume wa dada yake alikuwa dereva wa lori la saruji. Walipendana sana, yeye na shemeji yake, kiasi kwamba dada mtu alikuwa akilalamika kwamba aliolewa ili mdogo wake apate rafiki. Basi asubuhi moja shemeji akaleta lori gerejini, kipoza oili kinavuja. Kipya kingechukua wiki mbili kufika, na mzigo ulikuwa unasubiriwa juu ya mlima siku hiyo hiyo. Mafundi wa pale walikuwa na njia yao. Unachomoa mabomba mawili yanayoingia kwenye kipoza, unayaunganisha kwa kipande cha mpira, unakaza vibano, oili inazunguka bila kupita kwenye kipoza, gari linaondoka. Waliita kupitisha pembeni. Walifundishwa na waliowatangulia, nao wakafundisha waliowafuata, na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza magari yale yalifia wapi.

Digrii, ambaye siku hizo hakuwa bado Digrii, aliifanya kazi ile kwa nusu saa huku akipiga mluzi. Alipofunga boneti akampa shemeji yake maneno ya kuondokea: "Wewe angalia mshale tu. Mshale wa joto ukiwa katikati, kanyaga."

Mshale ule wa kwenye dashibodi unapima maji. Habari za oili haujui hata kidogo. Fundi alilijua hilo, alifundishwa mwaka wa kwanza wa kazi, ila siku ile halikumjia kichwani. Saa tisa alasiri simu yake ikalia. Shemeji alikuwa ameshapanda nusu ya mlima. "Shemeji, kuna harufu kama ya kitu kinaungua. Lakini mshale uko katikati." Naye, akiwa chini ya gari la mtu mwingine, spana mkono mmoja, simu mkono wa pili, akajibu, "Kama uko katikati, twende kazi."

Karibu na kilele kuna kona. Lori halikukata ile kona. Lilikwenda moja kwa moja, likatoka barabarani, likamgonga mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri usafiri, likashuka bondeni. Shemeji alikufa palepale. Mwalimu alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Askari walipotaka injini ikaguliwe, walimwita nani? Walimwita fundi wa lori, maana ndiye aliyelijua. Akaifungua kwa mikono yake mwenyewe. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, nyepesi, inanuka. Beringi za krenki, zile zinazobeba mhimili wa injini, zilikuwa zimeyeyuka zikagandana na chuma chake. Injini ilikuwa imeshika ghafla, haizunguki tena, ikiwa kwenye gia, magurudumu ya nyuma yakafunga, usukani ukawa mzito, na mtu aliyekuwa macho kabisa akashindwa kukata kona. Yote hayo aliyasoma mle ndani kama unavyosoma barua. Askari akiwa na kalamu yake akamuuliza, "Fundi, injini ilikuwa nzima?"

"Nzima," alisema.

Neno moja tu. Askari akaandika kwamba dereva alisinzia, akafunga faili.

Tangu hapo marehemu akawa anakuja gerejini. Msifikiri alikuja na sanda, wala usiku. Usiku Digrii alilala vizuri tu. Alikuja mchana kweupe, redio inaimba, watu wamejaa. Injini yenye moto ukiizima, huwa inalia kidogo kidogo inapopoa, tik, tik, chuma kinajikunja. Ndani ya mlio ule fundi alisikia sauti anayoijua. Mshale uko katikati, shemeji. Mara ya kwanza aliangusha spana. Mara ya pili alimuuliza mteja, "Umesema?" na mteja hakuwa amesema. Chini ya gari, akiwa amelala chali mgongo ukiwa kwenye simenti ya baridi, aliona buti za mtu zimesimama karibu na gurudumu la mbele, buti za kahawia zenye kamba moja nyeupe na moja nyeusi, na alipotoka hapakuwa na mtu. Shemeji alikuwa na buti hizo. Alizikwa bila hizo, maana moja haikupatikana.

Mwezi wa tatu baada ya ajali alinunua kipimajoto. Aligundua kwamba akiisoma namba, na namba ikiwa salama, injini inapoa kimya. Ndiyo maana alipima kila gari. Wateja walidhani anahudumia magari yao, kumbe alikuwa anamnyamazisha mtu.

Huku nyumbani mambo yalikwenda vibaya kwa namna yake. Mtaani marehemu alipewa jina la Msinzia. Watoto wake wakawa watoto wa Msinzia, shuleni, dukani, kisimani. Mjane, yaani dada yake fundi, alilia miezi, kisha machozi yakageuka hasira. "Nilimwambia alale kwanza," alikuwa akisema. "Alikuwa amesafiri siku mbili. Nilimwambia, lala. Kichwa kigumu, ameniachia aibu na watoto." Digrii alikuwa akikaa hapo hapo, kikombe mkononi, akiangalia chini. Mwaka wa kwanza alijiambia dada bado ana uchungu, asimwongezee. Mwaka wa tatu alijiambia sasa ametulia, asimtoneshe. Kufikia mwaka wa tano hakuwa na cha kujiambia.

Basi ikafika siku ya Jumamosi, saa nane mchana, dada akaingia gerejini na pikapu aliyoinunua mkononi mwa mtu. Nyuma yake alikuwa binti yake mkubwa, wa miaka ishirini, ambaye familia nzima ilimwita Kiroboto kwa sababu tangu utoto hakukaa kitako. Dada alikuwa akiuza matangi ya maji, na wateja wake wengi walikuwa juu ya mlima. Kiroboto alikuwa amepata leseni mwezi uliopita. Jumatatu angeanza kupeleka matangi.

"Mdogo wangu, hujambo," alisema dada. "Hili gari linavuja oili. Huyu aliyetuuzia anasema ni kipoza."

Digrii alifungua boneti, akainama. Ilikuwa kweli. Kipoza kidogo mbele ya rejeta, kimeliwa na kutu, kinatoa jasho jeusi. "Acheni gari hapa," alisema. "Kipoza kipya nitakiagiza. Wiki mbili."

"Wiki mbili? Na matangi yangu nani atayapandisha, wewe utayabeba kichwani?" Dada alicheka. "Tupitishie pembeni bwana, kama mnavyofanyaga. Si hata lori la marehemu ulilipitisha pembeni asubuhi ile, na likaenda?"

Fundi alibaki ameinama. Miaka yote ile alidhani dada yake hajui alichokifanya asubuhi ile, kumbe alijua siku zote. Alichokosa kujua ni maana yake tu. Na injini ya pikapu, iliyokuwa imezimwa dakika moja iliyopita, ikaanza kulia inapopoa.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Dada, gari la mzigo kwenye mlima ule halipandi bila kipoza. Niachie, nitakiagiza mimi, wala usijisumbue kwa lolote. Nitawatafutia gari la kuazima Jumatatu." Alikuwa anaongea haraka, na kadiri alivyoongea ndivyo alivyoona njia inafunguka mbele yake. Angenunua kipoza kizuri kuliko vyote. Angekifunga vizuri, angepima, binti angepanda na kushuka salama, na hakuna ambaye angejua lolote mpaka siku wanamfukia. Miaka kumi na mmoja ilikwishapita. Mingine ingepita pia.

Dada alimtazama, akaguna. "Haya, fundi ni wewe. Ngoja nikanunue maji, nimekauka." Akatoka kwenda dukani ng'ambo ya barabara.

Kiroboto alibaki. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa amekaa kitako, kwenye lile benchi la wateja, mikono katikati ya magoti. Alisubiri mama yake avuke barabara.

"Mjomba, nikuulize kitu? Usimwambie mama."

"Uliza."

"Kusinzia kunarithiwa?"

Digrii aliweka spana chini.

"Maana nimejaribu kujichunguza," binti aliendelea. "Nikiendesha hata saa moja nahisi macho yanakuwa mazito. Sijui kama ni kweli au ni woga wangu. Mwalimu wa udereva alipoona jina la baba kwenye fomu aliniuliza, wewe ni wa Msinzia? Aliniambia nijiangalie. Sasa huwa najibana paja mpaka linauma." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akapandisha kidogo upindo wa gauni lake. Juu ya goti palikuwa na alama za kucha, nyingine za zamani, nyingine za asubuhi ile. "Nauliza kwa sababu sitaki kuua mwalimu wa mtu."

Fundi alitaka kusema hapana, hakurithiwi. Lilikuwa jibu la kweli, na lingetosha kumtuliza yeye mwenyewe mpaka jioni. Lakini aliinua macho, akaona buti za kahawia upande wa pili wa pikapu, chini ya mlango uliokuwa wazi, zimetulia. Hazikuwa zimemgeukia yeye. Zilikuwa zimemgeukia binti. Hapo ndipo alipoona aibu, aibu yenyewe, ile inayomfanya mtu mzima atake kuficha uso kwapani. Mtu yule alikuwa amekuja gerejini miaka yote kwa ajili ya mtoto wake, na yeye alikuwa akimnyamazisha kwa chaki.

"Baba yako hakusinzia," alisema.

Dada alikuwa anarudi na chupa zake tatu za maji. Alisikia. Akasimama mlangoni.

Digrii alisema yote akiwa amesimama, mkono umeshika ukingo wa boneti. Alisema bomba, alisema mpira, alisema maneno aliyompa shemeji, alisema simu ya saa tisa. Alieleza kwamba mshale wa kwenye dashibodi unapima maji, kwamba maji yanaweza kuwa tisini na oili ikawa mia na hamsini, na kwamba dereva hana jicho la kuona hilo. Aliwaeleza alichokikuta ndani ya injini, na neno alilomwambia askari. Alipomaliza, alingoja kofi, au kelele, au chupa ya maji usoni. Angeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

Dada aliweka chupa chini, moja moja, zikasimama mstari.

"Nimemtukana mume wangu kaburini," alisema polepole. "Kila mwaka nikienda kupalilia, namtukana. Wewe unashika jembe pembeni yangu, unanisikia."

"Ndiyo, dada."

"Uliogopa nini? Jela?"

"Mwanzoni, jela. Baadaye wewe."

Kiroboto alikuwa amefunika mapaja yake kwa gauni na kulishikilia kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anamtazama mjomba wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi.

"Gari lako linatembea?" dada aliuliza.

"Linatembea."

"Twende kwa mama mkwe."

Mama wa marehemu alikuwa na miaka themanini na miwili. Aliishi na mwanawe mdogo, nyumba ya vyumba vitatu, na mchana ule wajukuu wanne walikuwa sebuleni wakibishana juu ya rimoti. Digrii aliendesha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakupima chochote kabla ya kuondoka. Alimkuta mama ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, akichambua maharage kwenye sinia.

"Karibu, fundi wangu," mama alisema. "Umekonda. Watu wa gereji hamli?"

Alipiga magoti mbele yake, kwenye vumbi. Alikuwa amejiandaa kueleza kuanzia mwanzo, lakini kilichotoka kilikuwa mwisho. "Mama, mwanao hakusinzia. Injini ilishika. Mimi ndiye niliyeiharibu, na mimi ndiye niliyewadanganya askari."

Vidole vya mama vilisimama juu ya sinia. Aligeuza uso taratibu kuelekea kwa mkwewe, naye akatikisa kichwa kukubali. Ndani wajukuu walikuwa bado wanabishana.

"Zimeni hiyo televisheni," mama aliita. "Njooni hapa wote." Walipotoka, wamesimama wamebanana mlangoni, akamwambia fundi, "Sema tena. Kwa sauti."

"Mwanao hakusinzia, mama. Mimi ndiye niliyeharibu injini, nikadanganya."

"Tena."

Alisema tena. Mara hii jirani aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta aliacha kuanika. Kiroboto ndiye sasa aliyekuwa analia, amesimama peke yake karibu na tangi la maji, mkono mdomoni.

Mama alitua sinia chini. Aliomba fimbo yake, kisha kanga ya kutokea, kisha viatu, na mkwewe akainama kumvalisha. Ilichukua muda, maana miguu ilikuwa imevimba. Digrii aliuliza kwa unyonge wanakwenda wapi.

"Kwa wazazi wa yule mwalimu," mama alisema. "Nimekwenda pale kila mwaka kumwombea mwanangu msamaha. Mwaka wa kwanza walinifungia mlango. Mwaka wa nne walinipa maji ya kunywa. Juzi juzi ndiyo wamenipa kiti." Alijiinua kwa fimbo, akaegemea bega la fundi aliyekuwa bado amepiga magoti, akalikandamiza kwa uzito wake wote mpaka akasimama wima.

"Leo sitafungua mdomo wangu," alisema. "Utaongea wewe."